Faili la 400 lililofutwa na mtu mwingine

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mwenzako afute faili lako kwenye folda ya pamoja ya seva ya Linux, ilhali ulikuwa umeliwekea 400, yaani kusomwa na wewe peke yako. Ruhusa za faili hulinda yaliyomo ndani yake tu. Jina lake limeandikwa katika folda, na kufuta ni kuliondoa jina hilo kwenye orodha ya folda, kwa hiyo mfumo hauitazami 400 yako bali hutazama kama mfutaji ana w (ruhusa ya kuandika) na x (ruhusa ya kuingia) kwenye folda yenyewe. Andika ls -ld na jina la folda hiyo: ukiona drwxrwxrwx, yaani watu wote wana w na x, kila mwenye akaunti kwenye seva anaweza kufuta cha mwenziwe, hata asichoweza kukisoma. Amri ya kufuta, rm, kwa kawaida itamwuliza kwanza kama ana hakika, lakini hiyo ni adabu ya programu, si kizuizi.

Ili kuzuia hilo, tumia chmod +t (amri ya kubadili ruhusa) kwenye folda. Herufi ya mwisho itageuka kuwa t, kama ilivyo kwenye /tmp, folda ya faili za muda inayotumiwa na wote, na kuanzia hapo anayeweza kufuta faili au kulibadili jina ni mwenye faili, mwenye folda au root, msimamizi mkuu wa mfumo, tu. Ikiwa mpo wachache, mimi ningeunda kikundi, nikakikabidhi folda kwa chgrp, kisha nikaweka 1770 (ile t, ruhusa zote kwa mwenye folda na kikundi, na hakuna kwa wengine), kwa sababu sioni haja ya wengine wote kuingia humo.