Huna shahada ya sayansi? Miliki bunifu bado ina nafasi yako

Umeuliza kama unaweza kuwa wakili wa miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili kama uvumbuzi, maandishi na majina ya biashara, ilhali ulisoma sheria tupu. Unaweza, ndugu yangu, ila si kila mlango uko wazi. Kuandika maombi ya hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, nchi nyingi hudai msingi wa sayansi au uhandisi; na hata pasipodaiwa, utaelezaje mtambo usioujua? Hakimiliki na alama za biashara hazina sharti hilo.

Mimi ningeanzia alama. Mteja analeta jina, unapekua daftari la usajili, unachagua kati ya yale madaraja 45 ya mfumo wa Nice, ule mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, halafu unamwambia asichopenda kusikia: jina linaloeleza bidhaa yenyewe halisajiliki kirahisi. Wengine hununa kabisa.

Tarehe nazo usizichezee. Chini ya Mkataba wa Paris wa 1883, baada ya ombi la kwanza una miezi 12 ya kudai kipaumbele nchi nyingine (ombi lako la huko lihesabiwe tangu tarehe ya lile la kwanza) kwa hataza, 6 tu kwa alama. Muda ukipita, kuurudisha ni kazi, na lawama ni zako.

Mahakamani utaingia mara chache kuliko unavyodhani. Tafuta ofisi inayosajili alama, uombe wakuachie uandike barua za pingamizi dhidi ya usajili wa alama.