Tulidhani ni shoto

Binti yangu alipofikisha miezi 7 alikuwa anapokea kila kitu kwa mkono wa kushoto: kijiko, ncha ya kanga yangu, kidole cha baba yake. Hapa nyumbani Ujiji tulifurahi. Bibi yake akasema, "Huyu shoto, kamfuata babu yake." Mkono wa kulia alikuwa anaukunja ngumi, gumba likiwa ndani, nami nikaona ni mazoea tu.

Nawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu ya kosa hilo. Mtoto wa umri ule hutakiwa kutumia mikono yote miwili. Akichagua mmoja kabla hajatimiza mwaka, huenda ule mwingine una shida. Msingoje tarehe ya chanjo. Mpelekeni kituo cha afya, mkamweleze nesi waziwazi kwamba anatumia mkono mmoja. Sisi tulikwenda akiwa na miezi 14, bado hajasimama, tukaambiwa ana mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalofanya viungo visitii vizuri, na kwake umegusa upande wa kulia wa mwili. Lile jeraha la ubongo haliongezeki, lakini misuli isiyotumika hukaza, na mkono usiotumika mtoto huusahau.

Daktari wa mazoezi alitupangia nusu saa kila baada ya wiki mbili. Nikawa naisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri sindano. Siku moja akaniuliza, "Mama, zile siku nyingine 13 anafanya nini?" Nilinyamaza.

Alituelekeza tumvike soksi mkono wa kushoto wakati wa kucheza, kwa muda mfupi, ili wa kulia ujaribu. Hilo msilifanye bila mtaalamu kuwaonyesha, maana mtoto akilazimishwa hadi akalia, ataukataa mkono wenyewe. Vya kuchezea nilivipata jikoni. Tukishakamua mawese, nachagua kokwa kubwa za chikichi, naziosha, anaziokota moja moja na kuzitumbukiza kwenye kopo la maziwa. Zinalia, anacheka, anataka tena. Nakaa naye hapo hapo, kwa kuwa kokwa ikiingia mdomoni inaweza kumkaba. Jumapili tunashuka Kibirizi, anafinyanga mchanga mbichi wa ziwani mpaka vidole vinafunguka vyenyewe. Kufua nako ni mchezo: kukamua kitambaa hakuwezekani kwa mkono mmoja.

Usingizi niliudharau sana. Akikesha mbele ya televisheni, kesho yake kila zoezi ni kilio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 3 na 4 walale saa 10 hadi 13 kwa siku, na wasizidishe saa 1 mbele ya televisheni au simu. Kwetu sasa saa mbili usiku yuko kitandani, hata wageni wakiwepo. Baadhi ya ndugu walinung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Sasa ana miaka 4. Juzi niliwakuta uani na bibi yake, ungo wa dagaa katikati yao. Mkono wa kulia umeshika dagaa, wa kushoto unang'oa kichwa. Taratibu, na wengine walikatika vipande. Bibi alikuwa ameshamaliza fungu lake zamani, amekaa anamngoja.