Kiporo cha wali, mayai manne na moto wa juu

Kwetu Jumapili ni wali wa nazi na kuku wa mchuzi, na karibu kila mara wali unabaki. Kwa miaka mingi kiporo hicho nilikikaanga Jumatatu asubuhi na kitunguu, watoto wakala vijiko viwili na kuondoka. Siku hizi nakioka, na sahani zinarudi tupu.

Kazi yenyewe inaanzia usiku uliopita. Wali wa nazi huchacha upesi kuliko wali mweupe, na kwa joto la Dar es Salaam ukiuacha mezani haufiki asubuhi. Mkimaliza kula, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uufunike, uingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Kama huna friji, pika wa kutosha mlo mmoja tu. Kiporo kilicholala sufuriani usikioke. Mchele una vijidudu ambavyo kuchemsha hakuviui vyote, na wali ukikaa kwenye joto huzaana na kuacha sumu ambayo moto wa kesho yake hauiondoi. Ukiona unateleza au unatoa harufu ya uchachu, mwaga, hata kama roho inauma.

Asubuhi pima vikombe 3 vya wali, uchambue kwa vidole mpaka punje ziachane. Usiharakishe hapa, maana yai haliingii ndani ya bonge, na mlaji atalikuta kavu. Kuku aliyebaki mchambue upate kikombe kimoja. Maharage yaliyokaukiwa mchuzi nayo yanafaa, hata dagaa wa kukaanga. Kaanga kitunguu, karoti iliyokwaruzwa na pilipili hoho hadi maji yake yakauke. Piga mayai 4 (ya kienyeji ni madogo, tia 5) pamoja na nusu kikombe cha maziwa, pilipili manga na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Chumvi weka kidogo sana, kwani wali na kuku vilishatiwa jana. Changanya vyote.

Ukibonyeza kwa mwiko, majimaji yaonekane. Mara za mwanzo niliyaogopa nikapunguza maziwa, nikapata kitu cha kusambaratika mkononi. Wali uliolala kwenye friji umekauka, unakunywa sana.

Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Mimi natumia jiko la mkaa, na moto nilifundishwa na jirani yangu, mama wa Kitanga anayeuza mkate wa kumimina. Nilikuwa naweka makaa mengi chini kama ninavyopika kila siku, basi chini ukoko mweusi, juu yai bichi. Alipoona akaniambia, "Mwanangu, cha kuoka kinaivia juu." Akayatoa makaa jikoni, akabakisha machache yaliyoanza kufanya majivu, mengine yote akayapalia juu ya mfuniko. Tangu siku ile sijaunguza.

Sufuria iwe nzito, uipake mafuta chini na pembeni, na uipashe moto kwanza kabla ya kumimina. Mfuniko uwe wa bati bapa, usio na kishikio cha plastiki. Dakika 20 za mwanzo usifunue, kwa sababu majivu yataingia na joto litatoka. Baada ya hapo chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu na juu pakiwa na rangi ya dhahabu, epua. Kwangu huchukua kama nusu saa, kutegemea mkaa.

Acha upoe dakika 10 ndipo ukate, la sivyo vipande vinavunjika. Sisi tunaula na kachumbari yenye ndimu nyingi. Ukizidi, usiurudishe kwenye friji ulale mara ya pili. Mimi kipande cha pembeni, kile chenye ukoko mwembamba, nampelekea yule mama ungali wa moto.