Dubai hadi Guangzhou: saa halisi za angani

Ndugu, umeuliza kutoka Dubai hadi Guangzhou, China, ni umbali gani, na kwa nini tiketi yako inaonyesha kama safari ya saa 11 kwenda lakini 4 tu kurudi. Kwa mstari wa moja kwa moja ni karibu kilomita 5,800. Kwenda ni kama saa 7 hewani, kurudi 8 na kitu.

Kinachokuchanganya ni tofauti ya majira ya saa. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na tiketi huandika saa za mahali husika. Ukiondoka Dubai saa 4 asubuhi, unatua saa 3 usiku ya kule, wakati Dubai bado ni saa 11 jioni. Kurudi, saa hizo 4 unarudishiwa. Ile saa moja ya ziada hewani wakati wa kurudi inatokana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi: kwenda unaisukuma ndege, kurudi unaikabili.

Sasa hili nakuomba ulishike sana, maana nimeona mtu akilia uwanjani kwa sababu yake. Ndege yako ya kurudi imeandikwa 00:15 tarehe 12. Hiyo ni saa 6 na robo usiku, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege imeshaondoka tangu jana usiku. Toka hotelini tarehe 11 jioni, mapema, hasa kama una mizigo ya biashara.