Jibu: Demani ya kukaza na kulegeza ukiwa peke yako

Mkuu, umeuliza ufanyeje uweze kukaza na kulegeza tanga la mtumbwi wako ukiwa peke yako, mkono mmoja uko kwenye usukani. Kamba moja, ndiyo demani yenyewe, na kapi moja (kigurudumu cha kupitishia kamba) vinatosha.

Ncha moja ifunge kwenye ubao wa nyuma, katikati, ili ukigeuza mtumbwi usihangaike kuihamisha. Ipitishe kwenye kapi lililofungwa pembe ya chini ya tanga, ile ya nyuma, kisha irudi mkononi mwako. Nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu, ila utavuta kamba ndefu mara mbili. Kapi liwe jepesi, la plastiki. La chuma, tanga likianza kupigapiga, litakupasua kichwa. Kamba isipungue milimita 8, nyembamba inachubua viganja.

Sasa jambo ninalogombana nalo na vijana hapa Kibirizi, Kigoma: ile ncha ya mkononi usiifunge! Izungushe kwenye kigingi mara moja tu, uishike mwenyewe. Ziwa Tanganyika likichafuka kwa upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, halikupi nafasi ya kufungua fundo lililolowa. Ukiachia, tanga linapepea na mtumbwi unakaa sawa.

Tanga lako lina boriti ya chini (mti unaoshika ukingo wa chini wa tanga) au halina?