Mzee wa Ramani Anajibu: Ubao Uliofichwa na Maua

Barua za mwezi huu ni nne, na zote zimetoka Kaunti ya Kiambu, jirani na Nairobi. Sishangai. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 katika kaunti hiyo, ile ya 2019 ikahesabu 2,417,735. Hao karibu laki nane waliozidi wanalala mahali, na mahali pengi kati ya hapo palikuwa na mibuni juzijuzi tu. Tuanze na mama wa Kikuyu, maana barua yake haingoji.

*Mzee wa Ramani, hujambo? Mtaa wetu karibu na Kikuyu una nyumba kumi na moja, zote za chini, kila familia na yake. Jirani wa kona aliuza akahama mwaka jana. Wiki iliyopita mwanangu alifuata mpira akaona ubao nyuma ya ua wa bogenvilia: ploti hiyo inaombewa kubadilishwa iwe ya nyumba za kupangisha, za chini na ghorofa tano juu. Ubao wenyewe umetazama ndani! Tuna haki yoyote, au mwenye pesa keshapita? – Mama wa Kona*

Mama, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda ukaupige picha ubao huo. Piga ya karibu, maandishi na tarehe visomeke. Kisha rudi nyuma mpaka barabarani, upige nyingine inayoonyesha maua matupu. Hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma anachotaka kujenga na kualika pingamizi. Ubao uliogeuziwa uani umewatangazia kuku.

Sasa andika barua kwa mkurugenzi wa mipango wa kaunti, upeleke kwa mkono wako mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri. Usingoje mkutano wa mtaa, usingoje wakili. Kaunti ikikaa kimya siku 60 bila kumjibu mwombaji kwa maandishi, anahesabiwa amekubaliwa. Kibali kikitolewa mkiwa hamjaridhika, mna siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiza migogoro ya mipango, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Si lazima uwe ndiwe uliyeomba kibali. Jirani anayeguswa naye anaruhusiwa.

Lakini barua iseme nini? Nilipokuwa kazini ofisi ya mipango nilisoma pingamizi nyingi, na nyingi zilianza na "hadhi ya mtaa wetu" zikaishia na "watu tusiowajua". Hizo tulizisoma tukizifunga. Iliyowahi kutusimamisha iliandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule na mwalimu mstaafu. Hakulalamika kitu. Alihesabu tu: bomba la maji la mtaa lina upana gani, maji huja siku ngapi kwa wiki, barabara ina mita ngapi kati ya ua na ua. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia nikapime mwenyewe. Nilipima. Mwalimu alikuwa amekosea kwa sentimita chache.

Kwa hiyo hesabu, Mama. Tuseme ploti hiyo ni futi 50 kwa 100. Jengo la chini na ghorofa tano, nyumba sita kila sakafu, ni nyumba 36. Familia ya Kiambu kwa sensa ya 2019 ilikuwa na wastani wa watu watatu, basi hapo ni watu 108, mahali palipokuwa na jirani yako, mkewe na watoto. Wape lita 50 kila mmoja kwa siku, nao ni uchache huo. Ni lita 5,400 zinazoingia, na karibu zote lazima zitoke. Kama mtaa hauna bomba la maji taka, lori la lita 10,000 litahitajika kila siku ya pili, mwaka mzima. Muulize mwombaji, kwa maandishi, nani atalilipa. Mimi nakujibu kwa mdomo: hatalipa mtu, mvua ikinyesha usiku mfuniko utafunguliwa, na asubuhi utayakuta maji taka kwenye mtaro wako.

Kwenye faili omba uone tarakimu mbili. Ya kwanza ni sehemu ya ploti itakayofunikwa na jengo. Ya pili ni jumla ya sakafu zote ikilinganishwa na ukubwa wa ploti. Mtaa ukiruhusiwa kufunika nusu, na sakafu zote pamoja zisizidi ukubwa wa ploti yenyewe, hapo 50 kwa 100 hutoa sakafu mbili, basi. Ghorofa tano inataka mara tatu ya hapo. Huenda kaunti ikakubali mara mbili, na si lazima mkatae kila kitu. Ombeni sakafu zipungue, na jengo lisikaliwe na mtu kabla halijaunganishwa na bomba. Masharti kama hayo huandikwa kwenye kibali, nayo ndiyo mtakayoshika mkononi siku ya ugomvi.

*Mzee wetu, salamu kutoka Githunguri. Baba alituachia eka mbili na nusu, tuko watano. Broka ametushauri tukate eka moja ya upande wa barabara tuuze. Anasema eka moja hutoa ploti nane za hamsini kwa mia, na mnunuzi tayari anaye. Hesabu yake ni sawa? – Kifungua Mimba*

Broka wako anajua kuzidisha ila hajui kutembea. Nane mara futi za mraba 5,000 ni 40,000, na eka ina 43,560. Zinabaki 3,560, na kwa hizo anataka watu wanane wafike nyumbani. Labda waruke.

Tuichore. Eka iliyo mraba kamili ina futi 208 na ushee kila upande. Pitisha barabara ya mita 9 katikati, ambazo ni kama futi 30. Zinabaki futi 89 kila upande wa barabara. Gawa mara nne huku na mara nne kule, utapata ploti nane za 52 kwa 89. Ziite hamsini kwa mia ukipenda, lakini kila mnunuzi kapunjwa futi za mraba 300 na zaidi.

Tena hiyo ni eka ya mraba, nami sijaona shamba la mraba Githunguri. Mashamba yenu ni mikanda, yanaanza mgongoni kwenye barabara na kuteremka mpaka mtoni. Eka ya mkanda wenye upana wa futi 100 ina urefu wa futi 435. Ukiitolea barabara ya futi 30 ubavuni, zinabaki futi 70, na humo zinaingia ploti sita. Jibu lako ni sita, si nane. Na barabara hiyo isiishie kwenye ploti ya mwisho. Iteremke mpaka eka moja na nusu mtakayobaki nayo, la sivyo mtakuwa mmejifungia chini kwa mikono yenu.

Hapa nakuomba usikie ya kwangu. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao kuvunjika 1989, baba alichoka kupalilia hasara. Tuling'oa, tukakata, tukauza kwa majirani. Mimi ndiye niliyekuwa na masomo ya ramani pale nyumbani, na mimi ndiye niliyesema kijia cha mita 3 kinatosha, kwa sababu mkokoteni ulikuwa ukipita. Mita nyingine 3 tuliziuza, zikatununulia mabati. Miaka mingi baadaye tulipomleta mama kutoka mochari, gari lilisimama kwenye lami. Tulimbeba begani, sisi na wajukuu, kati ya ua wa mawe na ua wa mawe, na pale penye kona tulilazimika kuliinua jeneza juu ya vichwa ili lipite. Jirani aliyenunua hizo mita 3 alikuwa mmoja wa wabebaji. Hana kosa, alinunua kwa haki.

Bomba huchimbwa baadaye, stima huvutwa baadaye. Njia uliyoiuza utaipata wapi?

Mengine kwa ufupi. Kabla ya kupokea hata shilingi, mirathi iwe imekamilika mahakamani na majina yenu watano yawe kwenye hati. Shamba ni la kilimo, kwa hiyo kuligawa na kuliuza kunahitaji ridhaa ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mtie sahihi mapatano; bila ridhaa hiyo mapatano ni karatasi. Mpimaji awe na leseni, na siku ya kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, muwepo wote watano, na kama kuna dada aliyeolewa, naye pia. Hasa yeye.

*Mzee wa Ramani, nakusoma kila mwezi na kila mwezi unawapiga vita wanaojenga magorofa. Mimi ni karani Nairobi, nalala Juja, chumba kimoja na choo ndani. Bila gorofa hizo unazozichukia ningelala wapi? Kwenye mibuni yako? – Mpangaji*

Umenipata, kijana. Haya, nieleze vizuri.

Sichukii gorofa. Tufanye kwamba kaunti inatafutia familia laki moja mahali pa kulala. Ukizipa kila moja nyumba yake ya chini juu ya hamsini kwa mia, nane kwa eka, unahitaji eka 12,500, na barabara hujazihesabu. Ukizipanga 100 kwa eka, eka 1,000 zinatosha. Hizo 11,500 zilizookoka ndizo zinazolisha ng'ombe wa Githunguri. Anayeila Kiambu si gorofa lako la Juja. Ni ile nyumba ya chini ya mtu kama mimi, yenye geti jeusi na mbwa, ikirudiwa mara elfu mpaka mtoni.

Ninachogombana nacho ni watu wengi kupangwa pasipo bomba. Na Juja si sawa na Kikuyu, jambo ambalo wanaochora wakiwa ofisini husahau. Udongo mwekundu wa Kikuyu hunywa maji; shimo la maji taka la familia moja linaweza kukaa miaka bila kujaa. Huko kwenu kuna sehemu nyingi za udongo mweusi, ule mafundi wanaouita blakikotoni. Ukilowa huvimba na kujifunga kama kifuniko, ukikauka hupasuka mkono ukaingia. Shimo lililochimbwa humo ni beseni. Barabara ya Thika ilipopanuliwa ikafunguliwa 2012 kila mtu aliona ploti zake zimekaribia mjini, majengo yakapanda upesi kuliko mabomba, ndiyo maana asubuhi unaruka vidimbwi ukienda steji. Ningekuwa na kalamu, ningeweka magorofa hapo hapo ulipo, kando ya barabara kubwa na kando ya reli inayopita Ruiru, tena marefu zaidi, na nisingempa mtu kibali cha ghorofa ya tatu kabla bomba halijafika mlangoni.

Kalamu sina, lakini wewe una senti zako mbili za kutia. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi, na umma ushirikishwe. Shida ni kwamba kikao huitishwa Jumanne saa nne asubuhi, wewe ukiwa kazini Nairobi. Vile nilivyohudhuria, waliokuja walikuwa wenye ploti, mabroka, na wazee wanaopenda chai ya bure. Sikumbuki mpangaji kusimama hata siku moja. Basi ploti zikasemewa, wanaozilalia wakasahauliwa. Maoni ya maandishi hupokelewa. Andikeni ukurasa mmoja, nyinyi wa jengo moja, mtaje bomba, taa za njiani na kivukio, mtie sahihi, tuseme 36. Sahihi 36 za jengo moja ni kura, na mwakilishi wadi anajua kuhesabu kura kuliko mimi ninavyojua kuhesabu futi.

*Shikamoo Mzee. Nimepata ploti nzuri Ruiru, bei nusu ya jirani zake, iko mwisho wa mtaa karibu na mto. Nimeonyeshwa Januari, bikoni zipo, nyasi zimestawi vizuri kijani. Nilipe? – Mjenzi Mtarajiwa*

Marahaba. Usilipe bado.

Ukingo wa mto una hifadhi yake, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka pale maji yanapofika yakifurika, kulingana na upana wa mto. Humo hakujengwi kitu, hata hati ikiwa safi na bikoni ziking'aa. Omba ramani ya upimaji, uipime hiyo ploti kuanzia alama ya mafuriko, si kuanzia maji unayoyaona leo. Na hizo nyasi za kijani mwezi wa Januari, jua likiwa limechoma mtaa mzima, zinakunywa wapi? Ukikuta na matete katikati yake, umeshajibiwa.

Mwambie muuzaji umependa sana ila pesa zitatoka mwisho wa Aprili. Mvua ikishanyesha wiki mbili, rudi bila kumpigia simu, umevaa gambuti.