Nilisoma Historia, Nikaajiriwa Masjala

Nilipohitimu shahada ya historia, wajomba zangu walikuwa na swali moja tu: nitafundisha shule gani? Kwa kuwa sikusomea ualimu, nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiomba kazi, na katika usaili wangu wa kwanza nilieleza Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kwa ufasaha ambao hakuna aliyeuhitaji, maana nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya kutunza majalada. Sikuchaguliwa, wala sikuwalaumu.

Baadaye nilisomea utunzaji wa kumbukumbu, nikaajiriwa katika masjala ya ofisi inayoshughulikia ardhi. Siku moja, katika mgogoro wa shamba, upande mmoja ulileta barua ya umiliki yenye tarehe ya Machi 1962, karatasi imepauka na kuchakaa mikunjoni; lakini juu yake palichapwa "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", ilhali jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Mwanasheria wetu alikuwa ameisoma mara mbili bila kuliona hilo. Aliyezoeshwa darasani kuuliza waraka umeandikwa na nani, lini na kwa sababu gani, jicho lake hutua hapo lenyewe.

Ujuzi huo ndio mtaji wetu, ila hauuziki peke yake. Lazima uufunge na ujuzi mwingine. Anayeweza kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani atakuwa na kazi ya kutosha kwenye majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwenye Kiarabu vivyo hivyo kule Zanzibar. Anayependa utalii ajifunze lugha za wageni na kupata leseni ya kuongoza watalii: mgeni anayefika Kilwa Kisiwani ameshasoma kwenye simu yake kwamba Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipita hapo mwaka 1331, na anachokulipia ni kuelezwa namna dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, ilivyoutajirisha mji huo hadi ukatengeneza sarafu zake wenyewe. Uandishi wa habari nao unafaa, kwa mwenye subira ya kuanzia chini.

Ukiwa bado mwaka wa pili, tumia likizo kuomba kujitolea katika masjala ya halmashauri yenu. Mimi likizo zangu zote nilizimalizia kitandani.